Pakiti za Upepo

Subilaga alipasua kwa wembe pakiti iliyokaa ghalani mwezi mzima, akamwaga mchele mezani, na sisi wote tukaruka nyuma kana kwamba amemwaga nyoka.

Mchele wenyewe ulikuwa mweupe, mchele wa Kyela ule unaonukia hata kabla haujaona moto. Lakini katikati ya rundo likabingirika bonge jeusi, kubwa kama ngumi ya mtoto, limeshikana mithili ya fundo la kitambaa. Kaniki. Watu wa Tukuyu waliipa kuvu ile jina hilo tangu mvua zilipokataa kukatika, maana ikiingia kwenye gunia hulifunika lote kama shuka jeusi. Sumu yake haina harufu wala uchungu. Unakula, unashiba, unashukuru, na ini lako linaanza kufa bila kukuaga.

Kaniki tulishaizoea. Kilichotutoa macho ni kile kikaratasi cha alama kwenye kona ya pakiti. Kilikuwa kimegeuka buluu.

"Hapana," akasema Subilaga. Alikiinua kwa ncha ya wembe, akakisogeza dirishani kwenye mwanga. "Hapana, hapana, hapana. Buluu maana yake radi imepita."

"Radi imepita wapi, fundi, na mdudu huyu hapa kanenepa kuliko mimi?" akauliza Gwamaka.

Huyo Gwamaka alikuwa mfungaji pakiti, jitu la miraba minne, golikipa wa timu ya kituo chetu cha nafaka, na mvivu wa kutangazwa. Mkubwa wake, Mama Tusekile, alimkata jicho.

"Nyamaza wewe. Labda ni moja ya zako."

"Zangu? Mama, hiyo imebanwa kama tofali. Mimi nina nguvu hizo?"

Hakuna aliyecheka. Kila jioni sauti ya Subilaga ilikuwa redioni ikisema maneno yale yale: Ukiona buluu, kula bila hofu. Watoto waliyageuza wimbo wa kuruka kamba. Wazee walibomoa madari yao ya kukaushia nafaka juu ya moshi, wakachukua mbao wakajengea mabanda ya kuku. Nchi nzima ya mvua, kutoka ziwani hadi mlimani, ilikuwa inakula kwa neno la mwanamke mmoja, na mwanamke huyo alikuwa amesimama mbele yangu na kikaratasi cha buluu mkononi.

Mimi kazi yangu pale ilikuwa kusukuma trei. Nimechimba chumvi Uvinza, nimeendesha malori hadi Kolwezi, shule nimeionja darasa hapa darasa pale, na sijawahi kukaa mahali mpaka viatu vikaota vumbi. Lakini siku ya kwanza nilipoiona ile mashine ya radi ikiwaka, nilitua mfuko wangu chini nikasema, hapa sitoki mpaka wanifukuze.

"Mzee Kitwana," akaniita. "Lete pakiti ya jana. Yoyote. Na funga mapazia."

---

Mashine ilikuwa na sahani mbili za shaba, moja juu na moja chini, kila moja imevishwa kioo. Unaweka pakiti katikati, imefungwa vilevile, huifungui. Umeme unapigana kutoka sahani hadi sahani, na hewa iliyomo ndani ya pakiti inawaka zambarau. Wataalamu wanaiita plazma baridi. Sisi tuliiita radi baridi, kwa sababu ni radi kweli, ile ile ya mawinguni, ila imefundishwa adabu: haichomi, haiivishi, haiyeyushi hata nailoni. Pakiti inatoka baridi kama ilivyoingia, na humo ndani kuvu imekufa. Halafu unailaza usiku kucha bila kuifungua, ile hewa iliyogeuka dawa imalizie mabaki.

Kwa kawaida tuliiendesha kifuniko kimeshushwa. Safari hii Subilaga alikiacha wazi, akatuamuru tusimame mbali, akabonyeza.

Gizani tukaona mstari mwembamba wa zambarau ukizunguka kingo za pakiti, kama pindo la kanga. Kwenye kona, palipokuwa na kikaratasi, kitone kimoja kikali kiliwaka. Katikati palikuwa giza tupu.

"Kona," akanong'ona Subilaga. "Inawaka kwenye kona tu. Na sisi alama tunaiweka kwenye kona!"

Nikatoa pakiti ile, nikachukua nyingine kwenye rundo bila kuchagua, nikaiweka. Hiyo ilikuwa imelegea, imekaa hovyo kama mto wa kulalia usio na pamba ya kutosha. Akabonyeza.

Loo! Pakiti nzima ilijaa mwanga. Kila punje ilijitenga na mwenzake, zambarau ikapenya baina yao mpaka chini kabisa, ungedhani kuna mji mzima humo ndani na watu wote wamewasha taa. Mama Tusekile alishika mdomo.

"Nani kafunga hii?" Subilaga alikuwa anapiga kelele sasa. "Nani?"

Gwamaka aliinua mkono taratibu, kama mtu anayesubiri kuchapwa. "Nilichoka, fundi. Ilikuwa jioni. Sikuikandamiza."

"Mungu akubariki! Mungu aubariki uvivu wako!" Akamkumbatia, mikono yake haikufika hata nusu ya mgongo. "Hewa! Ni hewa, jamani! Radi inatembea kwenye hewa. Hii ina hewa, ile nyingine haina. Mbona haina? Mashine ya kujazia nimeipima mwenyewe, inaacha nafasi ya kiganja kizima. Hewa inakwenda wapi?"

Kisha Mama Tusekile akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Naitoa."

"Unaitoa?"

"Mimi na kina mama wote. Kabla ya kuziba, tunaongeza gao moja la mchele, la mkono, la nyongeza. Halafu naikalia."

"Unaikalia, mama?"

"Kwa makalio, mwanangu. Upepo wote utoke." Alinyoosha shingo. "Wewe ulitaka tuwapelekee watu pakiti imejaa upepo? Kule Lwangwila nina dada yangu, tumbo moja. Akishika pakiti ikabonyea, atasema nini? Atasema Tusekile ananipimia. Atasema huko chini wanashiba, sisi wanatupa upepo. Hata sokoni, anayekuuzia bila kushindilia unamwita mwizi. Nilikuwa nawapa heshima yao."

Subilaga alikaa chini, palepale sakafuni. Nilidhani atakasirika. Lakini alikuwa anaangalia ukutani, kwenye ramani, mahali palipochorwa mlima na mstari mwekundu uliokatika.

"Lwangwila," akasema. "Mwezi mzima tumewapelekea za kubanwa."

---

Lwangwila ilikuwa ng'ambo ya maporomoko ya udongo. Barabara iliondoka na mlima, daraja likafuata, na kilichobaki ni puto letu la mizigo, chombo kisicho na rubani, kinachopanda chenyewe ukungu unapofunguka karibu na adhuhuri na kurudi kabla haujafunga tena. Safari moja tu kwa siku, na wiki ile siku nyingi ukungu haukufunguka kabisa. Asubuhi ile mtambo wa hali ya hewa ulikuwa umetupa habari njema, na mzigo ulishapangwa tayari: kizimba cha puto kimejaa hadi juu, zote za kubanwa, zote zina alama ya buluu.

Subilaga aliinuka ghafla. "Hizi ni za jana. Kaniki iko hai humo lakini bado haijatoa sumu. Tukiiua sasa, mchele ni mzima. Tunahitaji hewa tu. Hewa! Gwamaka, mipira ya timu mnaijaza kwa nini?"

"Kwa pampu."

"Iko wapi?"

Sijawahi kuona jitu lile likikimbia hivyo, hata golini. Alirudi na pampu ya mkono na ile sindano yake ndefu. Subilaga akachoma pakiti kwenye kona, mimi nikapampu. Pakiti ikaumuka, ikawa duara, ikalia vizuri ukiigonga.

"Lakini fundi," nikasema, "hewa ya humu chumbani ina vumbi la kaniki. Tunamwingiza adui mlangoni."

"Mwache aingie!" Macho yake yalikuwa yanawaka kuliko mashine. "Akishaingia nafunga mlango, nawasha radi. Hewa ndiyo itakayomuua!"

Akaziba tundu kwa pasi, akaiweka kati ya sahani. Zambarau ikajaa mpaka moyoni mwa pakiti. Kina mama waliokuwa mlangoni wakapiga vigelegele, na Gwamaka akaanza kucheza huku ameshika sindano juu kama kombe.

Tukafanya kazi kama watu waliopagawa. Choma, pampu, ziba, washa. Choma, pampu, ziba, washa. Jasho lilinitiririka, mabega yaliniuma kama siku za chumvi, na nilikuwa nacheka peke yangu. Mtu wa umri wangu, anajaza upepo mchele, na hajawahi kufanya kazi ya maana kama hiyo.

Kisha tukaanza kupakia, na furaha ikapungua. Pakiti zilizoumuka zilijaza kizimba upesi. Nusu ya mzigo ilibaki nje.

"Tuzitoboe," akasema Gwamaka. "Radi imeshapiga. Hewa itoke, zinywee, ziingie zote."

"Ukitoboa sasa unatoa dawa kabla haijamaliza kazi, na kila tundu linavuta kaniki ya njiani. Hapana. Zinakwenda hivyo hivyo."

"Nusu?" Mama Tusekile alisogea. "Wana watoto kule. Wewe unawapelekea nusu, na nusu yenyewe upepo?"

"Nusu, mama. Na nawaambia kwa nini."

"Unawaambia nini?"

"Kwamba buluu ilidanganya. Kwamba zile walizonazo ghalani wasizile."

Mama Tusekile alimshika mkono, akamvuta pembeni, lakini chumba kilikuwa kidogo na mimi masikio yangu bado mazima.

"Sikiliza, mwanangu. Mimi nimezika mume na kaka kwa sababu ya nafaka ya moshi, kabla hujaja na mashine yako. Watu walikuwa wanakausha, wanakula, wanakufa. Wewe umewatoa huko. Leo ukisema redioni kwamba alama si ya kuaminika, unadhani watasikiliza habari za hewa na kona? Watasikia neno moja: uongo. Kesho wanarudi kwenye moshi, Tukuyu nzima, Kyela nzima. Utaua wengi kwa kusema kuliko kwa kunyamaza. Tengeneza kimya kimya. Kuanzia leo tunaacha hewa, basi. Nani atajua?"

"Na walioko juu?"

"Labda zao ni nzima. Hujui. Unataka kuwanyang'anya chakula cha mdomoni kwa labda?"

Yale maneno hayakuwa ya kijinga hata kidogo, na ningekuwa mimi, sijui. Kwenye safari zangu nimeona watu wengi wakiokolewa na mtu aliyefunga mdomo.

"Na dada yako?" akauliza Subilaga. "Akila?"

Mama Tusekile aliangalia mikono yake. "Ndiyo maana siwezi kumwambia," akasema. "Ataniuliza nani alibana. Nitamwambia nini? Kwamba nilimkalia mchele ili asinidharau?"

"Nitamwambia mimi. Jina lako silitaji."

Akakaa kwenye redio. Akabonyeza kwa kidole gumba. Na hakubonyeza njia ya Lwangwila peke yake. Alifungua ile ya kila jioni, inayosikika kila mahali.

"Huyu ni Subilaga wa kituo. Niliwaambia ukiona buluu kula bila hofu. Nilikosea. Nasema tena, nilikosea. Alama inaonyesha kona tu. Pakiti ikibanwa sana, radi haifiki katikati. Shikeni pakiti zenu sasa hivi, bonyezeni kwa kidole gumba. Ikibonyea kama mto, ina hewa, ni salama, kuleni. Ikiwa ngumu kama tofali, msile, msifungue, tuleteeni tuzikague. Lwangwila, mnanisikia?"

Redio ikakwaruza. Kisha sauti ya mwanamke, nzito, karibu sawasawa na ya Mama Tusekile:

"Bupe hapa. Tunakusikia. Ngoja... unasema zenye upepo ndizo nzuri?"

"Ndizo nzuri, mama."

"Zile zilizolegea? Za yule mvivu wenu?"

Gwamaka alijikuna kichogo.

"Hizo hizo."

"Mwe!" Tukasikia Bupe akiwapigia wenzake kelele kwa lugha ya kwao, kisha kicheko kikubwa. "Fundi, hizo tumezitupa pembeni ya ghala tangu mwanzo! Hakuna aliyezitaka. Watu waligombea zilizojaa, hizi tukasema wape mbwa. Ziko rundo zima, hazijaguswa!"

Chumba kililipuka. Kina mama walirukaruka, Gwamaka akanibeba mzimamzima mimi na pampu yangu. Rundo zima! Hata ukungu ukifunga wiki, walikuwa na chakula.

Subilaga peke yake hakucheka. Alikuwa ameinamia redio. "Na zilizojaa, mama Bupe? Ziko ngapi?"

Kicheko cha kule juu kikakatika.

"Hizo," akasema Bupe, "ndizo tumekuwa tunakula."

Akashusha sauti.

"Fundi, nikuulize. Mjukuu wangu, Tumpale. Macho yamemgeuka njano tangu juzi, na mkojo wake kama chai. Tunampa dawa za malaria. Ni malaria?"

Mama Tusekile alinyakua kile kipaza sauti. Sikujua kama mwanamke wa umri ule ana wepesi huo.

"Si malaria, Bupe. Mlete. Puto linakuja, shusheni mzigo, pandeni wewe na mtoto, mlete hospitali leo leo."

"Tusekile? Ni wewe? Puto si halipandishi watu?"

"Leo linapandisha!"

Subilaga alishafika uwanjani mbio, anafungua kizimba, anapunguza pakiti nyingine kwa haraka kuangalia kamba za kumfungia mtu zitapita wapi.

---

Puto lilipanda ukungu ulipofunguka, linameremeta, limebeba mchele ulioumuka kama kundi la kuku waliovimba manyoya. Tulilitazama mpaka likawa kitone. Kisha tukakaa pale nje kwenye majani mabichi, gari la wagonjwa likiwa limesimama mlango wazi, tukiangalia ukungu ukianza kupanda bondeni tena.

Redioni watu walikuwa wanapiga simu bila kukoma. Wengine walitukana. Mmoja wa Kyela alisema anajenga upya dari lake la moshi leo hii hii na Subilaga aje alione. Lakini wengine waliuliza: gumba la mtoto linatosha, au lazima la mtu mzima? Unga nao unabonyezwa vilevile? Subilaga alijibu wote, waliotukana na walioshukuru, kwa sauti ile ile.

"Lile!" Gwamaka aliona wa kwanza.

Puto lilitoka kwenye ukungu likipepesuka, chini kuliko kawaida, kwa maana lilikuwa na mzigo ambao halijawahi kuubeba. Tukakimbia wote tukashika kamba. Kizimba kikagusa ardhi, kikaruka, kikatulia.

Bupe alikuwa amekaa ndani, kanga kichwani, macho ameyafumba kabisa. Mapajani mwake mtoto wa kike, ngozi yake rangi ya manjano, kichwa kimelalia pakiti mbili za mchele zilizojaa upepo. Zilimfaa kuliko mto wowote. Alikuwa macho. Aliangalia uso wa Gwamaka kwa mshangao, kisha akauliza:

"Wewe ndiye mvivu?"

"Mimi ndiye," akasema Gwamaka, akambeba hadi kwenye gari taratibu kama yai, na pakiti zake mbili.

Bupe alishuka. Akasimama mbele ya dada yake. Alikuwa ameshika pakiti ya tatu, mojawapo ya zile tulizozijaza asubuhi, na alikuwa anaibonyeza kwa kidole gumba, inabonyea, inarudi, inabonyea.

"Tusekile. Nani alikuwa anabana zile?"

Subilaga alifungua mdomo. Mama Tusekile akamzuia kwa mkono.

"Ni mimi. Nilikuwa nazikalia."

"Unazikalia."

"Usije ukasema nakupunja."

Bupe aliangalia gari, kisha pakiti, kisha dada yake. Sijui alichokuwa anakitafuta usoni mwake, lakini alikitafuta kwa muda mrefu.

"Na hii ya upepo?"

"Hiyo nayo yangu. Hiyo ndiyo nimekupa leo."

Bupe akaikandamiza ile pakiti kifuani kwa Mama Tusekile, kwa nguvu, ikalia kama ngoma.

"Ipike basi," akasema, "uniletee hospitali. Nitakula mbele yako." Akapanda gari.

Mama Tusekile alibaki na pakiti mikononi mpaka gari likapotea kwenye kona. Kisha akafuta uso, akarudi chumba cha kufungia, akavuta benchi lake hadi kwenye meza ya Gwamaka.

"Haya, mvivu," akasema. "Nifundishe."

"Kwanza legeza mkono, mama," akasema Gwamaka. "Legeza. Legeza zaidi. Sasa usikalie kitu."